Jinsi ya kuchagua cha kusoma kwenye chuo kikuu kikubwa, kuanzia shahada ya kwanza hadi uzamivu

Chuo kikuu kikubwa kinaweza kuwa na programu mia mbili au mia tatu, na tovuti yake huzipanga kwa alfabeti kama majina kwenye daftari la mahudhurio. Anayechagua huanza na A kwa ari, akifika katikati macho yamechoka, na mwishowe hurudi kwenye ile moja aliyokuwa akiisikia tangu sekondari. Si kosa lake. Orodha ile iliandikwa kwa anayejua tayari anachotafuta.

Mwongozo huu ni wa yule ambaye bado hajajua, au anajua nusu. Utamfaa anayeingia chuo kwa mara ya kwanza na mwenye shahada anayetaka kuendelea, ingawa njia zao zitaachana huko mbele. Andaa daftari, jioni nne au tano, na uvumilivu wa kusoma nyaraka ambazo hakuna aliyeziandika ili zipendeze.

Neno moja kabla ya kuanza. Watu husema "kozi" wakimaanisha shahada nzima, na husema "kozi" hiyohiyo wakimaanisha somo moja la muhula mmoja. Hapa nitaita shahada nzima programu, na kozi itakuwa lile somo la muhula. Ukichanganya haya mawili unapoongea na ofisi ya udahili utajibiwa swali ambalo hukuuliza.

Hatua ya 1: Tafuta kwa mada, usitafute kwa jina la shahada

Tunakiita chuo kwa jina moja, lakini kwa ndani ni mkusanyiko wa vitivo, ndaki, shule na taasisi. Kila kimoja kina mkuu wake, sifa zake za kujiunga, hata tabia yake ya kusahihisha mitihani. Somo moja linaweza kuwa na makao matatu. Takwimu utaikuta kwenye idara ya hisabati, utaikuta tena kwenye kitivo cha uchumi, na utaikuta kwa sura nyingine kwenye shule ya afya ya jamii, ambako inahesabu wagonjwa badala ya bei. Saikolojia vyuo vingine huiweka kwenye sayansi, vingine kwenye sanaa, na vipo vinavyotoa zote mbili. Sayansi ya kompyuta inaweza kupanga chumba na hisabati au na uhandisi wa umeme, na jirani huyo ndiye atakayeamua kama mwaka wako wa kwanza utaumalizia kwenye uthibitisho wa nadharia au kwenye nyaya.

Kwa hiyo anza hivi. Andika daftarini mambo matano unayotamani kuyaelewa. Usiandike majina ya shahada. Andika mambo yenyewe: maji yaliyo chini ya ardhi, namna mtoto anavyojifunza lugha, kwa nini daraja huanguka, nani hasa hulipa kodi. Peleka maneno hayo kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti ya chuo. Usiishie kwenye kurasa za programu, ingia hadi kwenye orodha ya kozi moja moja na kwenye kurasa za wahadhiri. Aliyeandika maji ya chini ya ardhi atajikuta jioni hiyohiyo amepita jiolojia, jiografia, uhandisi wa ujenzi na sayansi ya kilimo, idara nne ambazo kwenye orodha ya alfabeti asingezisogeza karibu.

Ukimaliza, baki na programu zisizozidi nane. Zikizidi hapo hutazisoma, utaziperuzi tu.

Hatua ya 2: Elewa ngazi, na hasa elewa lini utalazimika kuamua

Ngazi zenyewe si ngumu: shahada ya kwanza, kisha uzamili, kisha uzamivu. Pembeni kuna stashahada ya uzamili, ambayo mara nyingi humfaa anayehama fani au anayehitaji cheti cha taaluma bila kuandika tasnifu.

Miaka hutofautiana. Shahada ya kwanza England kwa kawaida ni miaka 3, Scotland 4. Marekani ni miaka 4, na programu nyingi huhitaji krediti 120 hivi (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi). Nchi zinazofuata mpango wa Bologna wa kulinganisha mifumo ya shahada, uliotokana na tamko lililotiwa saini na nchi 29 za Ulaya mwaka 1999, hupima masomo kwa krediti za ECTS, yaani mfumo wa pamoja wa krediti wa Ulaya, 60 kwa mwaka mmoja. Shahada ya kwanza huwa na krediti 180 hadi 240. Ukiona krediti 120 za Marekani na 180 za Ulaya usidhani huko Ulaya wanasoma zaidi. Ni vipimo viwili tofauti, kama maili na kilomita.

Lakini tofauti inayoweza kukuumiza si miaka. Ni wakati wa kuamua. England unaomba programu mahususi, na tangu wiki ya kwanza unasoma hiyohiyo. Marekani wengi huingia bila kutaja fani kuu, wakaonja huku na kule, kisha wakaitangaza kufikia mwisho wa mwaka wa pili. Mfumo wa kwanza humfikisha mapema aliyekwisha kuamua. Wa pili humsamehe ambaye hajaamua. Kabla hujaupenda mji au majengo ya chuo, jiulize wewe ni yupi kati ya hao wawili, na ujibu kwa ukweli.

Kuna fani ambazo hata ngazi yake huhama. Marekani udaktari wa binadamu na uanasheria husomwa baada ya shahada ya kwanza ya fani nyingine. Uingereza na katika nchi nyingi zilizorithi mfumo wake, mtu huingia moja kwa moja akitoka sekondari. Mtu anayesoma ushauri ulioandikwa kwa ajili ya mfumo mmoja akautumia kwenye mwingine anaweza kupoteza miaka.

Hatua ya 3: Soma ramani ya programu, mwaka kwa mwaka

Ukiwa na muda wa hatua moja tu, iwe hii.

Kila programu ina waraka unaoonyesha kozi za kila muhula: zipi za lazima, zipi za hiari, na zipi haziwezi kusomwa kabla ya nyingine. Ukurasa wa matangazo, wenye picha za vijana wanaocheka chini ya mti, hautakuonyesha waraka huo. Utafute kwa maneno kama mtaala, muundo wa programu, au kanuni za shahada. Usipoupata, iandikie idara uuombe. Idara isiyoweza kukupa mtaala wake imekwisha kukuambia jambo.

Upakue, uchapishe kama unaweza, kisha chukua kalamu. Kwanza zungushia duara kila kozi ambayo ungeihudhuria hata kama haina mtihani. Halafu weka alama ya kukata kwenye zile ambazo ukizisoma jina tu unahisi usingizi. Hesabu. Programu yenye jina zuri na alama za kukata ishirini si yako, na programu yenye jina usiloweza kulitamka vizuri lakini ina duara kumi na tano inastahili jioni nyingine. Angalia pia duara zimekaa wapi. Zikiwa zote kwenye mwaka wa mwisho na zote ni za hiari, uliza kama kweli hufundishwa kila mwaka. Kozi nyingi za hiari hutegemea mhadhiri mmoja, na mhadhiri akienda likizo ya utafiti, kozi nayo huenda.

Sasa chora mishale. Kutoka kila kozi ya mwaka wa tatu unayoitaka, rudi nyuma hadi kwenye kozi tangulizi zake, kisha tangulizi za hizo, hadi ufike muhula wa kwanza. Nazungumza kwa machungu. Mimi nilichagua programu kwa jina lake. Mwaka wa kwanza niliahirisha kozi ya takwimu kwa sababu ilifundishwa saa mbili asubuhi na mimi si mtu wa asubuhi. Mwaka wa tatu nikakuta kila kozi niliyoitamani inaidai takwimu ile, nayo hutolewa muhula mmoja tu kwa mwaka. Mchoro wa dakika ishirini ungeniokoa. Badala yake nilikaa chuoni mwaka mmoja zaidi, nikisoma saa mbili asubuhi na watoto wa mwaka wa kwanza.

Pima na uzito. Krediti moja ya ECTS ni kazi ya saa 25 hadi 30, ikijumuisha mihadhara, kusoma, mazoezi na mitihani. Muhula wa krediti 30 basi ni saa 750 hadi 900. Zigawe kwa wiki 20 upate saa 37 na nusu hadi 45 kwa wiki, sawa na ajira ya kutwa. Anayepanga kufanya kazi ya malipo huku akisoma aianze hesabu yake hapa, wala asianzie kwenye ratiba ya mihadhara, ambayo inaweza kuonyesha saa 12 tu kwa wiki na kumdanganya kwamba siku zilizobaki ni zake.

Mwisho, angalia njia ya kupimwa. Kuna programu zinazobeba alama zako zote kwenye mtihani wa mwisho, nyingine huzisambaza kwenye insha, miradi na mawasilisho. Mtu anayeandika vizuri akiwa ametulia nyumbani lakini hugandishwa na chumba cha mtihani anapaswa kulijua hili kabla ya kujaza fomu.

Hatua ya 4: Kagua milango inayojifunga

Kwa fani nyingi shahada moja haikufungi. Mwanahistoria huajiriwa benki, mwanafizikia huandika programu za kompyuta. Lakini kwa uuguzi, udaktari, uhandisi, sheria, ualimu na ukaguzi wa hesabu, kuna bodi ya taaluma inayoamua shahada ipi inakubalika, na bodi hiyo haikitazami chuo kwa ukubwa wake. Huitazama programu moja moja. Chuo chenye sifa kubwa kinaweza kuanzisha programu mpya ya uhandisi ambayo bado haina ithibati.

Ingia kwenye tovuti ya bodi ya nchi unayotaka kufanyia kazi, usiishie kwenye tovuti ya chuo, kisha utafute jina la programu kwenye orodha yao. Kwa wahandisi kuna makubaliano ya Washington ya mwaka 1989, ambayo kwayo vyombo vya ithibati vya nchi wanachama hutambua shahada za uhandisi zilizoidhinishwa na wenzao. Kama nchi ya chuo na nchi ya kazi yako zote zimo, umepunguza mzigo.

Uliza pia kuhusu kuhama ndani ya chuo. Watu husema, "Ingia tu, utahamia programu unayoitaka ukishakuwa ndani." Pengine inawezekana. Pengine programu hiyo hupokea wahamiaji watatu kwa mwaka na huwataka wawe na alama za juu kuliko walioingia moja kwa moja. Omba kanuni iliyoandikwa. Neno la mdomo la mtu wa mapokezi halitakusaidia mwaka ujao, maana huenda hata yeye hatakuwapo.

Hatua ya 5: Ongea na waliomo

Usimwulize mwanafunzi kama programu ni nzuri, atakujibu kwa heshima kuwa ni nzuri. Mwulize wiki iliyopita alifanya nini, siku kwa siku. Mwulize ni kozi ipi iliyowaondoa wenzake, na waliondoka wakaenda wapi. Mwulize mara ya mwisho alipozungumza na mhadhiri ana kwa ana ilikuwa lini. Kwenye vyuo vikubwa mihadhara ya mwaka wa kwanza inaweza kuwa na watu mamia, na anayekufahamu kwa jina ni mhadhiri msaidizi anayeendesha semina, ambaye mara nyingi mwenyewe ni mwanafunzi wa uzamili au uzamivu. Hilo si baya. Wapo wasaidizi wanaofundisha vizuri kuliko maprofesa wao. Ila ni vyema ulijue kabla, usije ukahisi umesahauliwa.

Hatua ya 6: Kwa uzamili, anza na sababu

Kuanzia hapa namsemesha mwenye shahada ya kwanza.

Kuna uzamili wa aina mbili, na majina yao kwenye tovuti hayakusaidii sana kuwatofautisha. Mmoja ni wa kusoma kozi: unahudhuria, unafanya mitihani, unaandika tasnifu fupi au mradi. Mwingine ni wa utafiti, ambao sehemu yake kubwa au yote ni tasnifu chini ya msimamizi. Wa kwanza humfaa anayetaka kupanda cheo, kuhama fani au kupata ujuzi mahususi. Wa pili humfaa anayeuangalia uzamivu kwa jicho la pembeni na anataka kujaribu kwanza kama anaweza kukaa na swali moja kwa mwaka mzima bila kulichukia.

Uingereza uzamili wa kozi kwa kawaida ni mwaka 1. Nchi nyingi za bara la Ulaya na Marekani ni kama miaka 2. Mwaka mmoja hukuokolea fedha, lakini huenda kasi mno: unaingia chuoni Septemba, na wenzako wanaotaka kuendelea na uzamivu wanaanza kuandika maombi kabla hawajapata hata alama moja ya uzamili wenyewe.

Kama huwezi kuandika sababu yako kwa sentensi moja, subiri. Nimeona wengi wakichukua uzamili kwa sababu ajira ilichelewa. Siwalaumu, lakini wangeshauriwa kuchukua ule wa kozi wenye mafunzo kazini ndani yake, badala ya kujifungia na tasnifu ambayo hawakuwa na hamu nayo.

Hatua ya 7: Kwa uzamivu, mtafute mtu kabla ya chuo

Uzamivu ni neno lenye kuzama ndani yake, na hakuna anayezama vizuri bila wa kushika kamba juu. Kwenye shahada ya kwanza ukubwa wa chuo ni faida: kozi nyingi, maktaba, watu. Kwenye uzamivu chuo kinapungua hadi kuwa idara, idara inapungua hadi kuwa msimamizi wako na watu watano wanaomzunguka. Msimamizi bora kwenye chuo cha wastani atakufikisha mbali kuliko jina kubwa lisilojibu barua.

Kumpata, anza na makala tatu zilizokuvutia kwenye fani yako na utazame waliziandika kina nani na wapo wapi. Google Scholar, mtambo wa kutafutia makala za kitaaluma, itakuonyesha kila mwandishi anachoandika sasa, maana ukurasa wake wa chuo unaweza kuwa haujaguswa miaka sita. Kisha fanya jambo ambalo wachache hulifanya: ingia kwenye hazina ya tasnifu ya chuo, tafuta tasnifu za wanafunzi wake waliohitimu, na usome kurasa za shukrani. Huko watu husema ukweli bila kukusudia. Utaona nani alilipia utafiti, kama msimamizi anashukuriwa kwa mstari mmoja mkavu au kwa aya yenye uhai, na ni wasimamizi wangapi walibadilishwa njiani. Linganisha mwaka wa tasnifu na mwaka mwanafunzi alioanza, kama umetajwa. Utajua wanafunzi wake humaliza kwa muda gani.

Ukimwandikia, kuwa mfupi. Kitu kama hiki kinatosha:

"Profesa, salaam. Nimesoma makala yako kuhusu mmomonyoko wa fukwe, hasa sehemu unayosema vipimo vya msimu mmoja havitoshi. Tasnifu yangu ya uzamili ilipima ufuko mmoja kwa misimu mitatu, na matokeo yake yanaunga mkono hoja hiyo isipokuwa kwa jambo moja ambalo ningependa kulifuata kwenye uzamivu. Naomba kujua kama unapokea wanafunzi wapya mwaka ujao. Nimeambatisha wasifu wangu na muhtasari wa kurasa mbili."

Asipojibu kwa wiki tatu, kumbusha mara moja. Akinyamaza tena, songa mbele. Huenda kimya hicho ndicho kingekuwa usimamizi wenyewe. Akijibu, omba anwani za wanafunzi wake wawili na uwaulize wao peke yao: hukutana naye mara ngapi, rasimu hukaa mezani kwake muda gani, na nini hutokea ufadhili ukiisha kabla ya tasnifu.

Zingatia pia kwamba Marekani programu nyingi za uzamivu hupokea hata watu wasio na uzamili, huanza na miaka ya kozi, na huko idara hudahili kwa kamati. Barua kwa profesa hukutambulisha, haikudahili. Kwenye mifumo mingi ya Ulaya hutakiwa uwe na uzamili kwanza, na ridhaa ya msimamizi huwa na uzito mkubwa zaidi.

Hatua ya 8: Fedha na tarehe

Tofautisha ada na gharama ya kuishi, na uziandike kwenye safu mbili. Kwenye shahada ya kwanza na uzamili wa kozi, ufadhili mara nyingi hutafutwa nje ya idara. Kwenye uzamivu, hasa wa sayansi, ni kawaida kupata nafasi yenye posho, wakati mwingine kwa kubadilishana na kufundisha au kusaidia utafiti. Uzamivu usio na ufadhili wowote ufikirie mara tatu.

Tarehe ya mwisho ya ufadhili mara nyingi hutangulia ile ya udahili. Hili huwanasa watu kila mwaka. Watakaokuandikia barua za mapendekezo uwaombe wiki sita kabla, na uwapelekee tasnifu yako na orodha ya tarehe, usiwaache wakukumbuke kwa hisani. Vyuo vingi vya Marekani vimeridhia kutomlazimisha mwombaji wa uzamili au uzamivu kujibu ofa ya ufadhili kabla ya Aprili 15, hivyo ukishinikizwa mapema na chuo kilichoridhia, una haki ya kuomba muda.

Hatua ya 9: Amua, kisha uhifadhi waraka

Rudi kwenye zile programu nane. Kwa sasa zimebaki tatu au nne zenye duara nyingi, milango iliyo wazi na fedha zinazowezekana. Omba zote zilizobaki, na walau moja iwe ile ambayo una uhakika wa kuingia na usingeona haya kuisoma.

Ukikubaliwa, kabla ya kulipa chochote, pakua mtaala wa mwaka huo pamoja na kanuni za shahada na uvihifadhi mahali pawili. Vyuo hubadilisha mitaala, na kwa kawaida mwanafunzi huhitimu kwa masharti yaliyokuwepo mwaka alioingia. Miaka mitatu baadaye, afisa mpya atakapofungua kompyuta na kukuambia kuna kozi ya lazima hukuisoma, utamfungulia faili lako, lenye tarehe.